Bao la Baada ya Kengele

Nyumbani kwetu Kisarawe tulifungwa mara moja. Naanza na sentensi hiyo kwa sababu wako wazee wenzangu, wachache waliobaki, ambao wakiiona wataacha kusoma, na ni afadhali waache hapa mwanzoni kuliko kunisumbua baadaye kwa barua. Sote tuliokuwa wanachama wa klabu ile tulizoea kusema maneno mengine: kwamba katika uwanja wetu wa mlimani hakuna timu iliyowahi kutufunga, si ya mashamba ya mkonge, si ya reli, si ya Dar es Salaam. Maneno hayo yalitoka katika daftari langu. Mimi ndiye niliyekuwa katibu, na uongo uliomo humo niliutia mimi.

Uongo wenyewe ni mmoja. Mengine yote yaliyomo ni kweli, na nitayapigania mpaka nizikwe. Mwalimu mmoja kijana alinijia akitaka kuandika habari za michezo ya zamani katika wilaya yetu. Nilipomweleza habari ya ukurasa wenye uongo huo alifunga kalamu yake akasema, "Mzee, kama ukurasa mmoja ni wa uongo, mengine tutayaaminije?" Nilimjibu, "Kwa sababu anayekuonyesha ukurasa wa uongo ndiye huyo huyo aliyeuandika. Nani mwingine angeujua?" Akafungua kalamu tena, lakini niliona kwamba hakuridhika. Shauri yake.

Klabu yetu ilikuwa ya kulipwa, kwa kipimo cha siku zile za Waingereza. Hakuna aliyepewa mshahara wa mpira, lakini aliyejua kuucheza alitafutiwa kazi. Golikipa alikuwa tarishi wa boma. Mabeki wawili walikuwa katika genge la kukata majani ya barabara ya Pugu. Wingi wa kulia aliletwa kutoka mbali kwa ahadi ya kazi ya kufagia soko, na soko lile halikupata kufagiliwa siku ya mechi. Mimi sikujua mpira. Nilikuwa nimemaliza shule ya sekondari, jambo ambalo zamani hizo lilimfanya mtu atembee kama amevaa viatu hata akiwa pekupeku, na nilikuwa karani. Baba yangu alikuwa mwalimu wa misheni. Klabu ilinipa daftari kubwa la jalada gumu kwa sababu mwandiko wangu ulisifiwa, nami nikalifanya kuwa kazi ya maisha yangu.

Uwanja wetu ulikuwa na mteremko. Aliyesimama goli la juu aliona mapaa ya boma chini yake, na aliyesimama goli la chini aliuona mpira ukimjia kama jiwe lililong'olewa mlimani. Kwa hiyo nilibuni hesabu ambayo sijaiona katika daftari la klabu nyingine. Kila bao niliandika mfungaji, mguu wa kulia au wa kushoto au kichwa, kisha neno moja: mlima au mteremko. Bao la mteremko, tulikuwa tukisema, hata mbuzi akikurupuka anaweza kulifunga. Bao la mlima ni la mwanamume. Mtu angeweza kujisifu sokoni kwamba yeye ndiye mfungaji bora wa Kisarawe, nami nikafungua daftari mbele ya watu na kumwonyesha kwamba mabao yake yote yalikuwa ya mteremko. Nilipata maadui wengi kwa namna hiyo. Sijutii hata mmoja.

Na ilikuwa desturi yetu kumaliza na mteremko. Wageni walipofika tuliwapa upande wa juu kipindi cha kwanza, wakadhani ni adabu. Kipindi cha pili, wakiwa wamechoka, tuliwashukia.

Mwaka ule wa kombe la wilaya, mpango ulituletea timu ya Janga. Wengi wa wachezaji wake walikuwa wakulima Waislamu wa upande wa Mlandizi, watu wa mpunga na mihogo, na hakuna mwenye viatu vya mpira hata mmoja. Walitoka kwao kwa miguu, wakalala njiani kwa ndugu, wakaingia Kisarawe siku ya pili wamejaa vumbi mpaka kwenye kope. Kapteni wao alikuwa kijana wa umri wangu, mwembamba, mwenye sauti ya taratibu, mkulima aliyekuwa akifundisha watoto chuoni, chuo cha Kurani. Asubuhi ya mechi alikuja dukani kwa mwenyekiti wetu, aliyekuwa fundi cherehani karibu na boma, ili tukubaliane masharti.

"Katibu," aliniuliza, "mpira utakwisha saa ngapi?"

"Refa ana saa," nilimjibu. Refa alikuwa dresa wa hospitali, mfunga vidonda, mtu wa pale pale mjini.

"Saa yenyewe iko wapi?"

"Mfukoni mwake."

"Saa iliyo mfukoni mwa mtu wa Kisarawe nayo ni mtu wa Kisarawe." Watu wake walicheka, na wetu wakacheka pia, maana ilikuwa kweli. "Tucheze mpaka adhana ya Magharibi. Adhana haina timu."

Fundi aliacha kukanyaga cherehani. "Na muadhini akiwa na ndugu zake Janga je?"

"Muadhini wenu ni shemeji yako, fundi. Mwenye haki ya kuogopa hapa ni mimi."

Tukakubaliana. Niliandika kwa penseli, kama nilivyoandika mambo yote ya kabla ya mchezo, kwa kuwa kikosi hubadilika mpaka dakika ya mwisho. Matokeo ndiyo niliyoyaandika kwa wino. Niliandika kwamba mpira utaanza baada ya sala ya Alasiri na utakwisha adhana ya Magharibi itakaposikika. Nikamsomea kwa sauti, kwa sababu herufi zetu hakuzijua. Yeye alisoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyosoma wazee wengi wa pwani yetu, na wala hakuwa mjinga kwa hilo. Alitoa kalamu na kichupa cha wino wake, akatia sahihi chini ya maneno yangu. Kisha akayaandika maneno hayo hayo katika kijitabu chake kidogo, toka kulia kwenda kushoto. Sikutia sahihi katika kijitabu chake. Hakuniomba. Alikuwa amenisikia nikisoma, na kwake hiyo ilitosha.

Sitaeleza mchezo wote, ingawa ninao wote kwenye kurasa mbili. Janga walipata bao kipindi cha kwanza, la mteremko. Sisi tulisawazisha baada ya mapumziko, la mteremko pia. Mji mzima ukakaa kusubiri tuwashukie kama kawaida, lakini wale watu walikuwa wametembea siku nzima na nusu. Miguu yao haikujua tofauti ya mlima na bonde. Jua lilipokaribia kushuka, kengele ya misheni ikalia kuita watu kwenye sala ya jioni. Ililia kila siku saa kumi na mbili, na hakuna mchezaji aliyegeuza shingo. Baada ya kengele tulipata kona. Niliiandika: kona, kwetu, baada ya kengele. Golikipa wao akaudaka mpira, akaupiga mbali, na kapteni wao akaupokea katikati ya uwanja akiwa ameutazama mlima.

Nimeona mipira mingi maishani. Sijamwona mtu mwingine akiupandisha mpira mlima ule kwa mguu mtupu, akiwapita beki wa kwanza, beki wa pili, na tarishi wetu wa boma aliyetoka golini mikono wazi kama anayemzuia kuku asitoroke. Aliupiga kwa kushoto, chini chini. Bao la mlima. Tukaanza tena katikati, tukapiga pasi mbili au tatu, na adhana ikaita.

Ilikuwa desturi katika sehemu zetu kwamba timu iliyofungwa kwao huzikwa. Washindi hukata mgomba, huufunga shuka nyeupe, huupitisha mjini begani kama jeneza huku wengine wakilia kilio cha uongo: "Uuwi! Kafa akipiga chenga! Kaacha mabeki yatima!" Sisi tulikuwa tumezika watu wengi ugenini, na hatukuwa wapole tulipozika. Sasa vijana wa Janga walikuwa wakiulizana wapi panapatikana mgomba, na mmoja wa kwetu, kwa uchungu au kwa ubaya, aliwaonyesha shamba la fundi.

Fundi alinijia nyuma ya goli, nilipokuwa nimekaa na daftari magotini.

"Katibu, kengele ililia lini?"

"Muda si mrefu."

"Kabla ya bao?"

"Kabla ya bao."

Alinitazama kidogo. "Basi," akasema, akaondoka.

Kwa miaka mingi nilijitetea moyoni kwamba niliagizwa. Sikuagizwa. Yule mzee aliniuliza swali, nami nikamjibu ukweli, na baada ya hapo mkono ulioingia mfukoni kutoa raba ulikuwa wangu. Nilifuta maneno matano, adhana ya Magharibi na mengine, nikaandika mahali pake kengele ya misheni. Maneno yangu yalifutika vizuri, maana yalikuwa ya penseli. Sahihi yake ya wino ilibaki pale chini kama ilivyokuwa.

Nilifanya hivyo kwa nini? Nimejiuliza mara nyingi kuliko nilivyopenda. Ukurasa wa mwanzo wa daftari ulikuwa na safu ya kufungwa nyumbani, nayo ilikuwa tupu tangu klabu ianze. Nilikuwa nimeipenda ile safu tupu. Naona haya kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa: nilipenda weupe wa karatasi kuliko neno la mtu niliyemsomea asubuhi.

Nikainuka, nikawaendea wageni, nikawaambia mpira ulikuwa umekwisha kwenye kengele, sare, na kwamba imeandikwa. Kapteni wao aliomba kuuona ukurasa. Aliutazama, hakujua kuusoma, akaweka kidole karibu na jina lake.

"Sahihi hii ni yangu," alisema. "Maneno haya siyo."

"Umeyajuaje, na husomi?" mtu wa kwetu aliropoka.

"Karatasi imechubuka," alijibu. Kweli ilikuwa imechubuka.

Hapo zikaanza kelele. "Mmefungwa nyie! Mnaogopa mgomba!" "Rudini mkalime mpunga!" "Tutalima, lakini hiyo mbili kwa moja mtaila na nini?" Mtu mmoja akarusha donge la udongo. Refa, ambaye saa yake haikuulizwa na mtu, aliingia hospitalini akajifungia. Wageni hawakutuzika. Walisali pembeni mwa uwanja wetu, wakachukua vitu vyao, wakaenda.

Shauri lilifika kwenye kamati ya kombe, na tukaitwa wote wawili. Mzungu aliyeisimamia aliuliza kama kuna maandishi. Nikatoa daftari. Kapteni akatoa kijitabu. Mjumbe mmoja mzee, aliyejua herufi za Kiarabu, alikisoma kwa sauti, na kikasema adhana, neno kwa neno kama tulivyokubaliana. Mzungu akauliza, "Ni nani aliyetia sahihi hapo?" Hapakuwa na sahihi ya mtu. "Na katika hili kubwa?" Palikuwa na sahihi ya kapteni mwenyewe. Kamati iliona kinachoonekana. Hakuna aliyefungua ukurasa wa pili kusoma kwamba sisi wenyewe tulipiga kona baada ya mpira unaodaiwa kwisha. Sikuwafungulia.

Waliamua mechi irudiwe. Kapteni akasema, "Tumeshashinda. Turudie nini?" Akatoka. Tukapewa ushindi wa mezani, na raundi iliyofuata tulitolewa Dar es Salaam kwa mabao ambayo yamo daftarini yote, moja baada ya jingine.

Kama mambo yangeishia hapo ningekuwa mtu aliyeiba mechi ya mpira, na wezi wa mechi ni wengi. Lakini Janga walisikia kwamba sahihi ya kapteni wao ilikuwa chini ya neno kengele. Wao hawakuiona ile karatasi iliyochubuka. Walijua tu kwamba mtu wao mwenye elimu alikwenda Kisarawe, akakaa dukani na watu wa mji, akatia sahihi, na ushindi ukapotea. Habari nilizipata sokoni, kwa mama mmoja aliyeleta mchele kutoka bonde la Ruvu.

"Yule kapteni? Ee, karani, yule watoto wanamwitia 'ngo, ngo, ngo' akipita. Kengele hiyo."

"Kwa nini?"

"Si aliwauzia mechi? Wanasema mlimpa baiskeli. Ila mbona hatujaiona?" Akanikazia macho kwa utani. "Au bado mnaipaka rangi?"

Nikacheka. Nilisimama pale, nikachagua mchele, nikacheka. Hilo ni kosa langu la pili, na nalihesabu kuwa kubwa kuliko la kwanza, maana la kwanza nililifanya moyo ukinienda mbio na hili nililifanya nimetulia. Baadaye nikasikia kwamba wamemnyang'anya ukapteni, kisha timu yenyewe ikafa, kisha wazazi wengine wakawatoa watoto wao chuoni kwake. Mtu anayeuza mechi, walisema, atashindwaje kuuza aya? Kila habari ilipofika niliiweka mahali fulani ndani yangu na kuendelea kuandika: mguu wa kulia, mguu wa kushoto, mlima, mteremko. Sijawahi kuandika kwa usahihi kama miaka ile.

Klabu yetu nayo ilikufa, kabla Waingereza hawajaondoka. Haikuuawa na mtu. Vijana waliojua mpira walishuka Dar es Salaam kwenye kazi za bandari na klabu zenye jina, na waliobaki walikuwa wakipenda mikutano ya siasa kuliko mazoezi. Genge la barabara lilivunjwa. Soko likapata mfagiaji anayefagia. Tuliitisha mkutano wa mwisho alasiri moja katika darasa la shule, na fundi, ambaye sasa mikono yake ilikuwa ikitetemeka, alitaka nisome takwimu zote za klabu tangu mwanzo, ziandikwe vizuri kwenye karatasi kubwa, zipigiliwe ukutani wapate kuziona watakaokuja.

Nilisoma kwa muda mrefu. Walishangilia kila jina. Nilipofika kwenye safu ya nyumbani nilisoma mechi tulizoshinda, nikasoma sare, nikasoma: "Kufungwa, mara moja. Janga, mbili kwa moja, bao la pili la mlima, mguu wa kushoto."



"Soma vizuri, Katibu," fundi alisema.

"Nimesoma vizuri."

"Labda ni macho. Vaa miwani yako."

"Sivai miwani, mwenyekiti."

Golikipa wetu wa zamani aliinuka. "Wewe! Leo tunazika klabu, na wewe unatuletea maiti mwingine?"

"Ni maiti yule yule," nilisema. "Nilimficha mimi." Nikawaeleza habari ya raba, neno kwa neno, na ile kona ya baada ya kengele. Sikumtaja fundi. Hakuwa na la kutajwa.

Waliyoyasema, mengine yanaandikika na mengine hayaandikiki. Mmoja alisema nimelipwa na Janga. "Walinipa baiskeli," nikamjibu, na hakuna aliyeelewa. Mwingine alipendekeza nifukuzwe uanachama. Likapigiwa kura, mikono mingi ikapanda. Nadhani mimi ndiye mtu pekee wilayani aliyefukuzwa katika klabu robo saa kabla haijavunjwa. Wakataka daftari. Nikakataa. Golikipa akalishika upande mmoja, mimi upande mwingine, watu wazima wawili tukivutana kama watoto wanaogombania andazi, mpaka fundi akasema kwa sauti ndogo, "Mwacheni. Ni mwandiko wake." Ndiyo sababu ninalo.

Hawakupigilia karatasi ukutani. Wakaendelea kusema hatukufungwa kamwe, na watoto wao wanasema hivyo mpaka leo, na kila wanaposema mbele yangu nawakatiza, iwe harusini, iwe msibani. Wameniita msaliti, mzee mwenye gubu. Wacha waite. Klabu iliyofunga mabao mengi kiasi kile ya mlima haihitaji kuongezewa sifa ya uongo.

Baada ya mkutano ule nilikaa siku chache, nikashuka Pugu, nikapanda treni mpaka Ruvu, nikatembea mpaka Janga. Nilichagua Ijumaa ili watu wawe pamoja. Niliwakuta wametoka kusali, wamekaa kwenye baraza ya duka, na kapteni alikuwa mmoja wao, mvi zimeanza, amekaa mwishoni kabisa mwa benchi na nafasi ya mtu mmoja kati yake na jirani yake. Ile nafasi niliiona kabla sijamwona yeye.

Nikatoa salamu. Wakaitikia. Alinitambua mara moja.

"Karani," alisema. Hakusema katibu. "Umekuja kununua mchele?"

"Nimekuja kusoma."

"Mara ya mwisho uliponisomea nilitembea siku mbili na aibu."

"Najua. Naomba nisome."

Akalitazama daftari, nikachukulia kwamba ni ruhusa. Nilisimama mbele ya baraza, nikafungua daftari, nikasoma niliyoandika asubuhi ya mechi, kisha niliyofuta, kisha niliyoyaweka mahali pake na nani aliyeyaweka. Nikaeleza kwamba sahihi ilitiwa chini ya neno adhana. Nikasema hakupewa kitu, hakuuza kitu, alishinda.

"Soma tena," kapteni alisema. "Kwa sauti. Mwenye duka hasikii vizuri, na yeye ndiye mwenye habari ya baiskeli."

Nikasoma tena kwa nguvu. Mwenye duka aliinama mbele, mkono sikioni.

"Kwa hiyo baiskeli hakupewa?"

"Hakupewa!" watu watatu wakampigia kelele.

"Mimi nilisema nimesikia tu."

"Umesikia na masikio yapi, mjomba?"

Hapo baraza ikacheka, lakini si wote. Wazee wawili walikuwa wameinamisha vichwa. Mkewe kapteni alikuwa amesimama njiani na ndoo ya maji, amesikia mara zote mbili. "Miaka yote nimekaa na mwuza mechi," alisema, "kumbe nilikuwa na mshindi tu wa kawaida. Mngeniambia mapema ningekuwa namwekea nazi ya kutosha." Akaendelea na safari yake bila kunitazama. Sikustahili kutazamwa.

Mzee mmoja alisogea kwenye benchi, akaiziba ile nafasi. Kapteni hakuonyesha kwamba ameona.

"Usifikiri nimekusamehe," aliniambia. "Hilo nitaliangalia mimi na Mola wangu. Una karatasi tupu humo?"

"Ninazo."

"Ulitunza majina ya watu wako wote. Ya kwetu je?"

Nilikuwa nimeandika jina lake tu. Wengine niliwaita beki wao, golikipa wao. Nikakaa chini kwenye ngazi ya duka, nikafungua ukurasa mpya, naye akanitajia kikosi. Alianza na golikipa, ambaye alikuwa amekwisha kufa bila kusikia haya, na akataka niandike jina lake kamili na la baba yake na mtaa wa kwao. Akaenda hivyo hivyo, mabeki, viungo, wingi wa kushoto, akisubiri nimalize kila mmoja, na watu wa baraza wakimkumbusha majina ya utani. Walipotimia kumi na mmoja nikapiga mstari chini.

"Mbona umefunga?" akauliza.

"Si wametimia?"

"Yuko mwingine." Akataja jina.

"Huyu alicheza nafasi gani?"

"Hakucheza. Alikuwa wa akiba, na hakuna aliyeumia."

Nikamweleza kwamba kanuni ya daftari langu, tangu mwanzo, ni kwamba asiyeingia uwanjani haandikwi. Nilisikia maneno yakitoka mdomoni mwangu na sikuweza kuyarudisha.

"Kanuni ya daftari lako," alirudia polepole. "Huyu alibeba mtungi wetu wa maji kutoka hapa mpaka Kisarawe, akaubeba kurudi. Siku ile njiani hakuna aliyetaka kusema na mwenzake. Yeye ndiye aliyekuwa akiimba. Mwandike."

"Niandike nini kwenye nafasi?"

Alifikiri. "Andika: alikuwapo."

Nikauliza jina la baba yake, nisije nikakosea, nikaandika.